Chatu wa mita 20 na futi ya fundi

Picha ilifika kijiweni kwetu, karibu na stendi ndogo ya Arusha, asubuhi kabla ya chai: nyoka ananing'inia kwenye kijiko cha katapila, na chini yake maandishi, "Chatu mita 20, kauawa jana." Mmoja akaapa ni Tarangire. Mwingine akasema Kongo. Mimi niliuliza kitu kimoja tu: nani alishika futi?

Maana majoka haya hufupika futi ikitokea. Mwaka 2003 huko Java, Indonesia, walitangaza chatu wa mita 14.85. Mwandishi wa gazeti akaenda kumpima, akapata kati ya mita 6.5 na 7.

Tupime kwa magari, ndiyo lugha ya hapa. Coaster ina karibu mita 7. Medusa, chatu wa aina ya Asia aliyefugwa Kansas City, Marekani, aliingia kitabu cha Guinness baada ya kupimwa mwaka 2011: mita 7.67. Kaipita Coaster kwa zaidi ya nusu mita. Sasa chukua basi kubwa la Dar, mita 12, uliegeshee Coaster nyuma yake. Hapo umepata mita 19, na ndio urefu wa anakonda ambaye Mwingereza Percy Fawcett alidai kumpiga risasi Amazon mwaka 1907. Hakurudi na kitu cha kumwonyesha mtu.

"Ngozi yake ilipimwa, mzee!" Hapa hata watu makini hunaswa. Ngozi ya nyoka ikichunwa huvutika, na inaweza kuongezeka robo nzima au zaidi bila mtu kukusudia kudanganya. Na kuna jambo la pesa. Huko New York, kwa miaka mingi, iliwekwa zawadi iliyopanda hadi dola 50,000 kwa yeyote atakayeleta nyoka hai anayezidi futi 30, yaani mita 9 na kidogo. Zawadi ilifutwa bila mshindi. Dola 50,000, na Amazon nzima ina wawindaji!

Anakonda naye si mrefu kuliko wote. Sifa yake ni uzito, na kwao ni Amerika Kusini, si Ziwa Manyara. Wetu ni chatu wa Afrika. Wengi wana mita 3 hadi 5, kwa hiyo mkubwa ni kama Hiace. Tarangire hukutwa wamejilaza juu ya miti. Hana sumu, na wala havunji mifupa ya mnyama kama tunavyoambiwa: anabana mpaka damu inashindwa kuzunguka.

Ila nao wanaosema "yote uongo" wamekosea. Mwaka 2017 huko Sulawesi, Indonesia, mkulima alikutwa ndani ya tumbo la chatu wa mita 7. Na joka lenye urefu wa basi lilikuwepo kweli. Mabaki yake yalichimbwa kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Cerrejón, Kolombia, na mwaka 2009 wanasayansi wakaliita Titanoboa: makadirio ni karibu mita 13 na zaidi ya tani moja. Nyoka hutegemea joto la nje, na wakati ule dunia ilikuwa na joto kali, ndiyo maana wakaweza kunenepa hivyo. Lakini hiyo ni miaka milioni 58 hivi iliyopita. Hata Kilimanjaro haukuwepo, sembuse babu yako wa Machame aliyemwona.

Turudi kwenye picha. Nilichukua mpira wa kufungia mizigo wa bodaboda, nikaushika karibu na kamera, huku Coaster ya Usa River imesimama nyuma kwa mbali. Mpira ukaifunika Coaster kuanzia taa hadi taa. Nikaanza kueleza kwamba kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa, lakini mwenye simu alikuwa keshaituma kwenye grupu lake: "Mpira wa mita 8, Arusha, leo."