Kaa Grenada mpaka kungumanga ikauke

Nikiulizwa mtu akae Grenada, nchi ya visiwa ya Karibea, muda gani, huwa najibu kwa hesabu za kazini kwangu: kaa muda ule kungumanga iliyookotwa leo inaohitaji mpaka ifae kubanjwa, yaani wiki sita hadi nane. Meli za watalii hutia nanga St. George's, mji mkuu, asubuhi na jioni zikaondoka. Abiria wake hununua mkufu wa viungo, hufika ufuo wa Grand Anse, basi. Sina ugomvi nao. Ila kisiwa hiki kinahadaa kwa udogo wake. Nchi nzima, pamoja na visiwa vidogo vya Carriacou na Petite Martinique, haifiki kilomita za mraba 350, na gari hukizunguka kisiwa kikuu kwa siku moja. Mtu huondoka akidhani ameshakiona.

Mimi ni bwana shamba wa viungo, na nimekulia chini ya mikarafuu ya Pemba. Karafuu ina haraka. Msimu ukiingia watu wanahamia mashambani, mchana wanachuma, usiku wanachambua makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na siku chache za jua juu ya majamvi zinatosha kuifikisha kwenye kituo cha ZSTC, shirika la serikali la Zanzibar linalonunua karafuu. Nilipokwenda Grenada nilikuwa na mwendo huo kichwani, na haukunifaa kitu.

Kungumanga haipandiwi juu. Tunda lake la manjano, kama pera lililoiva, hupasuka lenyewe mtini, na mbegu huanguka ikiwa imevikwa basibasi, utando mwekundu ambao nao ni kiungo. Mti hudondosha karibu mwaka mzima, ingawa ipo miezi inayozidi. Kwa hiyo mkulima wa kule hana msimu wa pilikapilika na msimu wa kukaa barazani. Hupita chini ya miti yake kila mara na kikapu, aokote kabla unyevu haujaharibu. Ukifuatana naye siku moja utaona mtu anaokota vitu chini. Ukifuatana naye wiki kadhaa ndipo unaanza kujua mti upi umechoka, upi haujafunguliwa mwanga wa kutosha, na kwa nini anaacha kivuli hapa na kukikata pale.

Nilipanga chumba Gouyave, mji wa wavuvi upande wa magharibi, kwa sababu kituo cha kungumanga kiko katikati ya mji. Ni jumba kubwa la mbao la ghorofa, na harufu yake unaipata ukiwa bado barabarani. Mbegu humwagwa juu ya vichanja ndani ya jumba, zikawa zinageuzwa-geuzwa kivulini. Mtu wa karafuu hapo hushangaa: jua lote lile nje, kwa nini lisitumike? Kungumanga ina mafuta mengi. Joto likizidi mafuta huyeyuka na kiini huvunjika. Hukaushwa polepole mpaka kiini kisinyae na kuachana na ganda. Ukiitikisa sikioni unakisikia kikicheza. Hapo hubanjwa, kisha viini hutiwa majini: vizito huzama na hivyo ndivyo vya kusafirishwa, vyepesi huelea na huenda kukamuliwa mafuta. Baada ya hapo kazi ni ya mikono na macho, hasa ya kina mama waliokaa mabenchini wakichagua punje kwa punje. Basibasi hukaa kwenye masanduku ya mbao kwa miezi, mpaka wekundu uishe ibaki rangi ya majani makavu.

Malipo nayo hayana haraka. Ushirika wa kungumanga, ulioanzishwa 1947, humpa mkulima fedha ya kwanza anapoleta mzigo, halafu nyongeza baadaye kama mauzo yamekwenda vizuri. Anayeishi kwa mapato ya namna hii hupanga maisha kwa miaka.

Ndiyo maana kimbunga Ivan cha tarehe 7 Septemba 2004 bado kinazungumzwa kana kwamba kilipita juzi. Kiliua watu 39 na kuharibu sehemu kubwa ya nyumba za kisiwa. Mikungumanga mingi iling'olewa, katika nchi iliyokuwa ya pili duniani kwa zao hilo, nyuma ya Indonesia. Mti uliopandwa kwa mbegu huchukua kama miaka saba kutoa ua, na hapo tu ndipo unapojulikana kama ni jike au dume. Dume halizai. Hebu fikiria umelea mche miaka yote hiyo, kisha ukute nusu ya shamba ni madume! Wengi waliona bora kakao, inayozaa mapema zaidi.

Msomaji wa Zanzibar ana kipimo chake cha kulielewa hili. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba iliponea, na tangu hapo ndiyo inayoongoza. Grenada haikuwa na Pemba yake. Carriacou ni kisiwa kikavu kisichobeba zao hilo, na tarehe 1 Julai 2024 nacho kilipigwa na kimbunga Beryl kikabaki magofu.

Maisha ya kila siku hayatakutaabisha. Daladala za kule nazo ni basi ndogo zenye konda na muziki, nauli ni nafuu, ila Jumapili hazionekani sana. Ukipanda, amkia; anayeingia kimya huonekana hana adabu. Ijumaa jioni Gouyave hufunga barabara zake chache kwa samaki wa kuchoma na wa kukaanga. Na chakula cha taifa ni shelisheli lililopikwa kwa tui pamoja na nyama ya chumvi, majani ya jimbi na manjano, mpaka tui likauke na mafuta yabaki chini ya sufuria. Nililila nikajihisi niko Wete, kwetu Pemba, ingawa shelisheli la Karibea lina historia chungu: Waingereza walilileta St. Vincent na Jamaica mwaka 1793 liwe chakula cha bei ndogo cha watumwa.

Kwa atakayekwenda: Januari hadi Mei ni kukavu, na msimu wa vimbunga huanza Juni ukaisha Novemba. Dola ya huko imefungwa kwa dola ya Marekani, 2.70 kwa moja, tangu 1976, kwa hiyo hesabu ya kodi ya chumba haikuyumbishi. Kinachokwamisha wengi wetu ni njia. Ukipitia Marekani unahitaji viza hata kama hutoki uwanjani, na Uingereza nayo ina masharti yake kwa pasi za Kenya na Tanzania. Limalize hilo kabla hujakata tiketi.

Za kuja nazo nyumbani nunua zenye ganda, harufu hudumu zaidi. Lakini usijisumbue kuzipanda. Kungumanga ikishacheza ndani ya ganda haioti tena.