Kwa nini mizizi ya mikoko na ya miti ya msitu wa mvua yote iko juu?

Maji yakipwa Tanga, teremka mikokoni utazame chini. Mkoko umesimama juu ya mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa. Jirani yake, mchu, aina nyingine ya mikoko, umezungukwa na vijiti vilivyochomoza topeni kwa mamia, vyembamba kama penseli. Kisha panda gari upitie Muheza hadi Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, safari isiyofika kilomita 100. Huko nako miti mikubwa imeanika mizizi: imetambaa juu ya ardhi, na mashina yametoa mbavu pana ambazo mtu anaweza kujificha nyuma yake. Mmoja ni mti wa maji ya chumvi na joto, mwingine wa ukungu na baridi. Imekuwaje yote miwili ikatae kuzamisha mizizi?

Mikokoni, kinachokosekana ni hewa. Tope lile lina rutuba tele. Harufu yake ya yai viza inatokana na vitu vinavyooza humo. Lakini limelowa wakati wote, na vijidudu vinavyoozesha vimeshaimaliza oksijeni sentimita chache tu kutoka juu. Mzizi nao hupumua. Ndiyo maana mchu hupandisha vijiti vile vyenye vitundu, vivute hewa maji yanapokupwa. Bamvua, yaani maji makuu ya bahari, likijaa, maji hupanda mita 3 na zaidi, vijiti vyote huzama, na mti husubiri zamu yake.

Chumvi ni taabu ya pili. Mkoko huichuja mizizini, ilhali mchu huinywa kisha huitoa majanini; lamba jani lake utaionja. Na linalonistaajabisha kuliko yote ni mbegu ya mkoko: huota ingali mtini, ikaning'inia kama fimbo ya kijani, na haidondoki topeni mpaka iwe mche kamili.

Amani hewa ipo na maji yasiyo na chumvi yapo. Upepo wa bahari ule ule unaoipuliza Tanga hugonga milima, hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na mvua: karibu milimita 1,900 kwa mwaka, wakati Tanga mjini hupata kama 1,300. Ila mvua hiyo hiyo ndiyo inayoufukarisha udongo. Imeuosha miaka na miaka, virutubisho vimekwenda na maji, umebaki udongo mwekundu wenye tindikali. Chakula cha msitu kimo ndani ya miti yenyewe na katika majani yaliyodondoka. Jani likianguka, kuvu na mchwa hulimaliza upesi, na mizizi iko papo hapo juu kunyonya kabla mvua haijachukua. Sasa mti mrefu namna ile, usiozamisha sana mizizi, ungeangushwa na upepo. Mbavu zile ndizo zinazoushikilia.

Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Tukiuona ukijani ule tunadhani ardhi imenona. Msitu hukatwa, huchomwa, mahindi hupandwa, na msimu wa kwanza majivu huyalisha vizuri. Misimu michache baadaye mavuno hushuka, kwa kuwa ghala la chakula lilikuwa ni ile miti iliyokatwa.

Hasara yake haibaki mlimani. Mto Zigi unaoanzia kwenye misitu hiyo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, wanakopata maji wakazi wa jiji la Tanga, kisha huendelea hadi baharini. Msitu unapokuwepo, majani na mizizi hupokea mvua na kuiachia polepole. Ukiondolewa, mvua huteremka na udongo. Mito inaposhusha udongo mwingi kupita kiasi, mikoko ndiyo huupokea: vijiti vya mchu hufukiwa, mti hukosa pumzi, nao hukauka ukiwa umesimama, bila hata mtu kuugusa kwa shoka.