Je, wajua kwa nini mshahara wa Ulaya ukigeuzwa kuwa shilingi hudanganya?

Mhasibu anayeishi Njiro, jijini Arusha, akipata barua ya ajira kutoka Uingereza, jambo la kwanza atakalofanya ni kuangalia pauni inauzwaje benki siku hiyo, kisha kuzidisha. Tangu tarehe 22 Julai 2025, mshahara ambao kwa kawaida mgeni anapaswa kuahidiwa ili apate viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi nchini humo ni angalau pauni 41,700 kwa mwaka. Tukikadiria pauni moja kuwa shilingi 3,400, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 11.8 kwa mwezi kabla ya makato, na kwa mtu ambaye leo anabaki na milioni 1.8 mkononi baada ya kodi na mchango wa hifadhi ya jamii, hesabu hiyo inatosha kumkosesha usingizi.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa sehemu moja tu ya mshahara, nayo ni ile itakayorudi nyumbani kutumika kwa shilingi. Sehemu itakayoliwa hukohuko Uingereza haina uhusiano wowote na bei ya pauni katika benki za Arusha, kwa kuwa hulipia vitu kwa bei za huko, ambazo kwa mambo mengi ni kubwa kuliko za hapa. Kwa familia nyingi sehemu hiyo ndiyo iliyo kubwa zaidi.

Kwa nini bei zitofautiane kiasi hicho, ilhali fedha inaweza kubadilishwa dakika yoyote? Mtaalamu wa uchumi wa Sweden, Gustav Cassel, ambaye mwaka 1918 alilipa wazo lake jina la usawa wa uwezo wa kununua, alitarajia kwamba kiwango cha kubadilishia fedha kingefuata uwezo wa kila fedha kununua bidhaa nyumbani kwake. Kwa bidhaa zinazosafiri, wazo lake lina nguvu: simu ya mkononi na ngano hazitofautiani sana bei kati ya Moshi na Manchester, na pengine Moshi ndiko ghali zaidi, kwa sababu mzigo umepita bandarini Dar es Salaam, umelipiwa ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ambao kwa baadhi ya bidhaa hufika asilimia 35, kisha ukapandishwa kwa lori hadi Kilimanjaro.

Kuna vitu, hata hivyo, ambavyo haviwezi kuvuka mpaka, na hapo ndipo wazo la Cassel linapokwama. Kinyozi wa Majengo mjini Moshi hutumia mashine ileile na dakika zilezile anazotumia kinyozi wa London, wala hakuna ushahidi kwamba mwenzake anamzidi ufundi. Hata hivyo, mmoja hulipwa shilingi elfu chache na mwingine hulipwa mara kumi au zaidi. Bela Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kwa njia yake, walieleza sababu mwaka 1964: pale ambapo viwanda na mashirika yanayouza nje yana tija kubwa, mishahara yake hupanda, na mwenye duka la kinyozi hana budi kupandisha malipo ya wafanyakazi wake ili wasimkimbie. Bei ya kunyoa hupanda bila unyoaji wenyewe kubadilika, na hakuna mteja wa London atakayepanda ndege kuja kunyolewa Moshi ili ashushe bei hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa kodi ya nyumba, malezi ya watoto, kazi ya fundi bomba na chakula cha mgahawani.

Arusha yenyewe ina kundi linalothibitisha kanuni hiyo kwa kuwa tofauti nayo. Mwongoza watalii na mpagazi wa Mlima Kilimanjaro hutoa huduma isiyosafirishika, lakini mnunuzi mwenyewe husafiri kuifuata. Ndiyo maana mwongozaji mzoefu anayelipwa kwa dola na kununua mboga soko la Kilombero anaweza kuishi vizuri kuliko mtu mwenye mshahara mkubwa zaidi ng'ambo: anapata kwa bei za huko na kutumia kwa bei za hapa.

Mji huu pia umeishi miaka mingi na watu wanaopimiwa jambo hili kitaalamu. Kuanzia Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, hadi taasisi iliyorithi kazi zake pale Lakilaki, Umoja wa Mataifa umekuwa ukiwalipa hapa wataalamu wa kimataifa. Mshahara wa msingi wa watumishi hao ni mmoja duniani kote, lakini huongezewa nyongeza inayotokana na gharama za maisha za kituo husika zikilinganishwa na za New York, ambayo ndiyo kipimo cha kulinganishia. Linalonivutia zaidi ni namna hesabu hiyo inavyopangwa: matumizi ya mahali mtumishi alipo, nyumba, na matumizi anayoyafanya nje ya kituo, yote hutenganishwa na kupimwa kila moja peke yake. Mhasibu wetu angeweza kufanya vivyo hivyo kwenye karatasi moja ya daftari.

Tumfanyie. Katika pauni 41,700, kiasi cha kwanza cha 12,570 hakitozwi kodi ya mapato. Kinachobaki hutozwa asilimia 20, pamoja na asilimia 8 ya mchango wa bima ya taifa. Anabaki na takribani pauni 2,795 kwa mwezi, bila kuhesabu makato ya pensheni. Tuseme ana mke na watoto wawili, na wote wanaishi kwa mshahara huo mmoja. Jijini London, nyumba ya vyumba viwili vya kulala tuikadirie kuwa pauni 2,000, kodi ya halmashauri 165, umeme na gesi 145, chakula 450 na nauli 200. Jumla ni pauni 2,960, yaani familia hiyo inaishiwa kabla mwezi haujakwisha, huku ndugu wa Arusha wakiamini kwamba ana milioni tisa na nusu mkononi.

Akiajiriwa kwa mshahara uleule katika mji kama Leicester, ambako nyumba tunaweza kuikadiria kuwa pauni 1,000 na nauli 100, matumizi hushuka hadi takribani pauni 1,860 na ziada huwa zaidi ya pauni 930. Ziada hiyo ikitumwa nyumbani ni zaidi ya shilingi milioni 3.1 kabla ya ada ya kutuma, kiasi kinachozidi mshahara wote aliokuwa akiupokea Njiro. Hapo kiwango cha benki kinasema kweli tupu, kwa sababu fedha hiyo inakwenda kununua saruji na kulipa mafundi wa Ngaramtoni. Mimi ningemshauri yeyote aulize kodi ya nyumba ya mji anaokwenda kabla hajauliza jambo lingine lolote, maana tofauti kati ya mji na mji ndani ya nchi moja inaweza kuamua yote.

Kuna gharama zinazomsubiri hata kabla hajafika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA). Mgeni anayeomba viza ya kazi ya Uingereza kwa kawaida hulipa ada ya huduma ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto kwa kila mwaka wa viza, nayo hulipwa yote kwa mkupuo mwanzoni. Kwa familia hiyo ya watu wanne na viza ya miaka mitatu, ni pauni 10,866, karibu shilingi milioni 37. Waajiri wengine huilipa na wengine hawailipi. Ni vema jibu lake liwe kwa maandishi.

Baridi nayo ina bei yake. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na sweta la Juni na Julai ndilo kifaa pekee cha kupasha joto ambacho nyumba nyingi zinakihitaji. Uingereza, kaya ya kawaida ilikadiriwa mwaka 2025 kutumia kati ya pauni 1,700 na 1,850 kwa mwaka kwa gesi na umeme.

Jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamekwisha kuhama ni kwamba uhamiaji hauwatendei watu wa vipato tofauti kwa namna moja. Mwenye mshahara wa kati mjini Arusha hununua kazi za watu wengine kwa bei ndogo: dada wa kazi, fundi, dereva wa bajaji anayempeleka mtoto shule. Akihama, kila kazi ya namna hiyo humrudia mwenyewe au humgharimu sehemu kubwa ya mshahara. Akitaka mke wake naye aajiriwe, atakutana na ada za vituo vya kulelea watoto, na wazazi ambao viza zao zote mbili zina sharti la kutotumia fedha za ustawi za umma kwa kawaida hawapati saa za ziada za malezi ambazo serikali huwalipia wazazi wanaofanya kazi.

Kwa kibarua hali ni kinyume. Kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026 kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na nauli ya basi London ilikuwa pauni 1.75, ambayo ilikuwa kazi ya dakika tisa hivi. Saidia fundi wa Arusha anayelipwa shilingi 10,000 kwa siku ya saa nane hufanya kazi karibu nusu saa ili apate shilingi 600 za nauli ya kifodi, yaani daladala ndogo. Ukipima kwa shilingi, basi la London ni ghali mara kumi. Ukipima kwa jasho, la Arusha ndilo ghali. Kazi yake ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa kwa bei ndogo, kwa hiyo yeye hupanda zaidi akifanikiwa kuvuka, ingawa masharti ya viza ndiyo yanayomfungia mlango kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwisho kuna mambo ambayo hayamo katika hesabu yoyote ya bei kwa kuwa hayajawahi kulipiwa. Mtu mwenye asili ya Machame au Kibosho hupokea mkungu wa ndizi kutoka kihambani, yaani shamba la ukoo, maziwa kwa mama mkubwa, na bibi wa kukaa na mtoto akiugua siku ya kazi. Hakuna risiti ya vitu hivyo, lakini akifika Leicester kila kimoja kitakuwa na bei yake kwa pauni. Mhasibu wetu aviorodheshe katika karatasi ileile, upande wa matumizi ya huko, kabla hajasaini mkataba.