Rikwayamenti ni nini hasa, na kwa nini haziishi siku ya kukabidhi mfumo

Ukikaa na watu wanaotengeneza mifumo ya kompyuta haipiti robo saa hujasikia neno rikwayamenti, au kwa Kiswahili cha kwenye makaratasi, mahitaji ya mfumo. Mteja anasema rikwayamenti zangu si nilishawapa, developa anasema hicho kitu hakikuwepo kwenye rikwayamenti, bosi anauliza zimesainiwa na nani, alafu ukiwakalisha wote watatu uwaulize ni nini hasa wanachokizungumzia utapata majibu matatu. Mi ntaeleza ninavyolielewa baada ya kuumwa nalo, na nitachanganya na yale waliyogundua watu wa vyuo vikuu, maana usidhani ni mambo ya ofisini tu, huu ni uwanja wa utafiti kabisa, kongamano lao la kimataifa lilianza 1993 na mpaka leo wanabishana.

Tuanzie Morogoro, kwenye duka la dawa. Mama mwenye duka alinipa kazi ya mfumo wa mauzo na stoo, na shida yake kubwa ilikuwa moja, dawa za presha na za sukari zisimuishie bila yeye kujua, kwa sababu mgonjwa wa sukari akikosa dawa kwako leo anaenda duka la jirani na ndo umempoteza jumla. Mimi nikaandika vizuri kabisa: stoo ya dawa ikishuka chini ya pakiti 10, mfumo umtumie mmiliki meseji. Tukatesti, meseji ikaingia mbele ya macho yake, akacheka, akanilipa. Mwezi haujaisha metformini, dawa ya sukari, ikakauka shelfuni na meseji ikaja siku mbili baadaye. Akanipigia simu, wala hakufoka, aliniambia tu, "Mwanangu, hii mashine yako inanipa taarifa ya msiba watu wakiwa wameshazika."

Nikapanda basi nikaenda, nikakaa kwenye benchi la wateja kuanzia saa kumi jioni mpaka wanafunga. Ikifika saa kumi na mbili foleni inatoka mpaka nje, dada wa kaunta hana muda wa kuchagua dawa kwenye skrini, anauza mkono mmoja huku anaandika kwenye daftari kwa mkono mwingine, ataingiza kwenye kompyuta kesho asubuhi, na kama ni Jumamosi basi mpaka Jumatatu. Kompyuta ilikuwa inasema pakiti 14 wakati shelfuni hakuna hata moja. Sasa niambie bagi, yaani kosa la programu, iko wapi? Nilipitia programu mstari kwa mstari, haina kosa, inafanya kilekile kilichosainiwa.

Hapa ndo pana kiini cha neno lenyewe. Hitaji la mama halikuwa ndani ya kompyuta, lilikuwa dukani: dawa zisiishe bila yeye kujua. Nilichoandika mimi kuhusu pakiti 10 na meseji hakikuwa hitaji, kilikuwa spesifikesheni, yaani maelezo ya mashine itafanya nini. Na katikati ya hivyo viwili kuna kitu cha tatu ambacho hakuna aliyekiandika popote, kwamba namba ya kwenye kompyuta ni sawa na vilivyopo shelfuni. Hiyo tuiite asampsheni, kitu tulichokichukulia kuwa kweli kuhusu watu na duka. Pamela Zave na Michael Jackson (Mwingereza wa kompyuta, siyo yule mwanamuziki) waliliweka hili sawasawa kwenye makala yao ya 1997: spesifikesheni peke yake haitimizi hitaji, inatimiza ikiwa imeshikana mkono na ukweli wa mazingira. Mazingira yakienda kinyume na ulivyoyachukulia, mashine inaweza kuwa sahihi asilimia mia na hitaji likafa.

Mfano wanaoupenda sana kwenye huu uwanja ni wa ndege. Tarehe 14 Septemba 1993 Airbus A320 ya Lufthansa ilitua Warsaw kwenye njia iliyolowa mvua huku upepo unaisukuma kutoka nyuma. Hitaji lilikuwa la maana kabisa, vile vitu vinavyosaidia kuisimamisha ndege visifunguke ikiwa bado hewani. Ila kompyuta haina macho ya kuona kama ndege iko chini, kwa hiyo iliambiwa iangalie uzito kwenye miguu ya ndege na mzunguko wa magurudumu. Siku hiyo mguu wa kulia uligusa kwanza, wa kushoto ukachelewa kama sekunde 9, magurudumu nayo yakawa yanateleza juu ya maji badala ya kuzunguka, kwa hiyo kwa kompyuta ndege ilikuwa bado inaruka. Ikapitiliza mwisho wa njia ikagonga tuta. Watu 2 kati ya 70 walifariki. Kwenye mstari wa "ndege ikiwa chini magurudumu huzunguka" hakuna mtu aliyeona kuwa ni asampsheni, walidhani ndo hali halisi yenyewe.

Kuna mgawanyo mmoja utaukuta kila kozi, wa mahitaji ya kazi (mfumo ufanye nini) na mahitaji ya ubora (uwe na kasi gani, usalama gani, uvumilie watumiaji wangapi kwa mpigo). Ni mgawanyo mzuri ila mi siupi uzito kihivyo, cha kukumbuka ni kwamba yale ya ubora watu wanayaandika kama salamu za sikukuu: mfumo uwe fasta, uwe rafiki kwa mtumiaji. Fasta kwa nani? Kama huwezi kulipima huwezi kumwambia mtu limetimia au halijatimia, na hata kulifuatilia baadaye utashindwa, tutafika huko.

Kupata mahitaji yenyewe pia ni kazi, na kuuliza peke yake hakutoshi kwa sababu watu wanakuambia wanachodhani wanafanya. Mama wa duka hakunificha habari ya daftari, kwake lile daftari lilikuwa kama kiti, hukiongelei. Hapa jirani Kenya kuna kisa kikubwa zaidi. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio 2005 ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya watu wa mikopo midogo, walipe marejesho kwa simu bila kubeba hela mkononi. Walioijaribu wakawa wanafanya na vitu vyao vingine, wanatumiana hela wenyewe kwa wenyewe. Wenye mradi wakawa na akili ya kuangalia watu wanafanya nini badala ya kung'ang'ania karatasi, huduma ikaingia sokoni Machi 2007 ikiwa ni ya kutuma pesa nyumbani. Hitaji lililobeba kila kitu halikuwepo kwenye mpango wa mwanzo.

Haya, sehemu ya pili ni kuchora, yaani kutengeneza modeli ya mahitaji. Wengi wakisikia modeli wanaogopa, wanawaza mishale na maboksi yasiyoeleweka, lakini wazo ni jepesi. Axel van Lamsweerde wa Ubelgiji na wenzake wana njia inaitwa KAOS, unaanza na lengo, ukiuliza "kwa nini" unapanda juu na ukiuliza "kwa vipi" unashuka chini. Kwa nini meseji itumwe? Ili mama ajue. Kwa nini ajue? Ili aagize kabla haijaisha. Kwa vipi atajua? Namba ya stoo iwe sahihi. Kwa vipi iwe sahihi? Kila mauzo yaingizwe yanapofanyika. Nani anaingiza? Dada wa kaunta. Umeona, ukishuka mpaka chini kabisa kila tawi linaishia mikononi mwa mtu au mashine fulani, na tawi likiishia kwa mtu hilo siyo agizo la kompyuta tena, ni matarajio yako kwa binadamu mwenye foleni mbele yake. Kule Toronto, Eric Yu alikuja na njia yake 1995 ambayo yenyewe inakazania hilo hilo, nani anamtegemea nani kwa kitu gani, na akimuangusha inakuwaje.

Alafu kuna kitu van Lamsweerde na Emmanuel Letier walikiongezea ambacho mi ndo nakipenda kuliko vyote, kutafuta vikwazo. Unachukua kila lengo unaligeuza kichwa chini miguu juu: ni nini kitafanya mauzo yasiingizwe? Foleni, umeme kukatika, dada mgeni hajafundishwa, mteja kachukua kwa mkopo. Ningefanya hivyo kwa nusu saa kabla ya kuandika programu lile benchi nisingelikalia.

Wanaofundisha haya mambo hawawezi kumaliza bila kuitaja London, na sababu ipo. Huduma ya magari ya wagonjwa ya pale ilikuwa inaendeshwa kwa karatasi, mtu anapokea simu, anajaza fomu, anatafuta mahali kwenye kitabu cha ramani, fomu inapanda kwenye mkanda unaosogea kwenda kwa mwenzake anayepanga gari. Wakataka kompyuta ifanye yote, ijue kila gari liko wapi na lina kazi au halina, ichague la karibu. Jumatatu ya tarehe 26 Oktoba 1992 wakawasha. Mfumo ulikuwa unategemea taarifa za magari ziwe karibu kamilifu muda wote, ila barabarani kulikuwa na sehemu redio hazishiki, madereva wengine wanabonyeza vitufe kwa mpangilio usio wenyewe au hawabonyezi kabisa kwa sababu wamembeba mgonjwa, wengine wanachukua gari tofauti na lililopangwa. Kompyuta ikaanza kuamini vitu ambavyo havipo. Inatuma magari mawili sehemu moja, kwingine haliendi hata moja. Kila ikichanganyikiwa inatoa onyo kwenye skrini, maonyo yakawa mengi mpaka yanasukuma simu mpya nje ya skrini, wananchi wakaona gari haliji wakapiga tena, simu zikaongezeka, maonyo yakaongezeka, kila kimoja kinakiongezea mwenzake moto. Wakarudi nusu mkono nusu kompyuta, na tarehe 4 Novemba mfumo ukalala kabisa, safari hii ni kosa la programu kweli, ulikuwa unachukua kumbukumbu ya seva bila kuirudisha mpaka ikajaa. Wakarudia karatasi. Ripoti ya uchunguzi ilitoka Februari 1993 na watafiti wa mahitaji wameitafuna toka siku hiyo.

Angalia tofauti ya zile siku mbili. Ya Novemba ni bagi, fundi anairekebisha. Ya Oktoba hakuna mstari wa programu unaoweza kuunyooshea kidole ukasema ni huu, kilichovunjika ni yale waliyoyachukulia kuwa kweli kuhusu redio na vidole vya watu walio kazini.

Sasa ndo tunafika kwenye ufuatiliaji, na hapa utaelewa kwa nini nimesema rikwayamenti haziishi siku ya kukabidhi. Wengi tukisikia kumonita mfumo tunawaza seva: iko hewani, diski imejaa kiasi gani, ukurasa unafunguka kwa sekunde ngapi. Hiyo ni kuipima presha mashine. Mwaka 1995 Stephen Fickas na Martin Feather wa Marekani walitoa wazo jingine, kwamba ulipoandika mahitaji uliyachukulia mambo fulani kuwa kweli, basi yatoe hayo mambo uyageuze kuwa vitu vya kuangaliwa mfumo ukiwa unafanya kazi, ili siku mazingira yakibadilika ujue mapema badala ya kusubiri mteja apige simu. Miaka michache baadaye wakiwa na van Lamsweerde walitumia mfano wa programu ya kupanga mikutano. Ukiibuni unachukulia watu watajibu lini wana nafasi ndani ya siku kadhaa. Wasipojibu? Mfumo unaona kwamba matarajio yamevunjika na una la kufanya, unawakumbusha. Baadaye wengine wakaenda mbele zaidi, mfumo ubebe mahitaji yake wenyewe ndani na uweze kujirekebisha ukiona hayatimii, ila kwa mifumo tunayotengeneza wengi wetu ile hatua ya kujua tu kwamba kuna kitu kimevunjika ni utajiri mkubwa tayari.

Kwa duka la dawa nilifanya kitu cha kawaida mno. Kompyuta haiwezi kuliona daftari, lakini inaweza kuuona ukimya. Duka lenye wateja halikai dakika 45 bila mauzo hata moja, kwa hiyo likikaa hivyo kati ya saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kuna uwezekano mkubwa daftari liko kazini, na mfumo unamtumia mama meseji tofauti: namba za stoo za leo zisiaminiwe mpaka mauzo yaingizwe. Hailazimishi mtu kuacha foleni, inamwambia tu mwenye duka kwamba kile tulichokichukulia kuwa kweli kwa sasa hivi siyo kweli. Nikaongeza na kitufe kikubwa kimoja kwa kila dawa ya presha na sukari ili dada aguse mara moja tu, nacho kilisaidia kuliko nilivyotegemea.

Meseji ya kwanza ya aina hiyo ilienda kwa mama siku ya Ijumaa, saa nane kasoro mchana. Akanipigia, nikajua leo nasifiwa. "Mwanangu, hakuna daftari wala nini, tumefunga, watu wako msikitini."