Bima ya hospitali haimlipi anayemgeuza mzee kitandani

Mimi huuza bima Malindi, na swali la kama bima ya matibabu humlipa anayemtunza mzee nyumbani huja ofisini kwangu saa mbaya: mzee keshapata kiharusi, keshalazwa, keshatolewa. Juzi kijana mmoja wa Shela aliniwekea mezani mkataba wa bima wa mamake. "Ami, hii si inalipa? Tumetoa pesa miaka tisa."

Nikaupitia ukurasa kwa ukurasa. Kitanda cha hospitali kimo, kipimo cha kichwa kimo, daktari yumo. Yule dada ajaye alfajiri kumwogesha mama, kumlisha uji na kumgeuza asitoke vidonda vya mgongo, hayumo.

Hakuibiwa. Bima za matibabu tunazouza zimeandikwa kwa mgonjwa anayeingia na kutoka. Zina kikomo cha mwaka, zina muda wa kungojea kwa maradhi uliyokuja nayo, na nyingi hazimpokei mteja mpya akishapita umri fulani. Kutunza ni jambo jingine. Halina mwisho, na hakuna dawa inayolimaliza.

Wenye ndugu Marekani hunambia huko mambo ni rahisi. Si kweli. Medicare, bima ya serikali ya wazee wao, hulipia kituo cha uuguzi siku zisizozidi 100, tena kwa masharti, na kazi ya kuogeshwa na kulishwa peke yake haiigusi. Anayelipa miaka na miaka ni Medicaid, nayo ni ya maskini: majimbo mengi hukagua miaka 5 nyuma yasije mali yakawa yamegawiwa watoto. Ipo pia bima binafsi ya utunzaji. Hiyo huanza kulipa mtu akishindwa mambo mawili kati ya sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, kuzuia haja, na kutoka kitandani hadi kitini. Hata hapo, mara nyingi hungojewa siku 90 kwanza.

Orodha hiyo ya sita nimeiiba. Kila familia inayokuja naiambia iandike mzee anashindwa lipi, saa ngapi za siku, na nani anamshika mkono saa hizo. Hapo ndipo gharama inapoonekana, na mara nyingi inaonekana kuwa kuna binti mmoja aliyeacha biashara yake ya mahamri bila mtu kumhesabia hata senti.

Sasa serikali yetu ya Kenya. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, hutoza asilimia 2.75 ya mapato, isiyopungua Sh300 kwa mwezi. Lipeni, msingoje kulazwa. Lakini pesa zake huenda kwenye kituo cha afya, haziji nyumbani kwenu. Inayofika mkononi ni Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza: Sh2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70 wasiopokea pensheni, na iko pia ya walio na ulemavu mkubwa. Mtu hapewi zote mbili. Kwa mgonjwa wa kubadilishwa mara tatu kwa siku, elfu mbili ni pampasi tu, tena haziufikishi mwezi.

Kwa hivyo nyumba nyingi ninazozijua hushona viraka: SHA kwa hospitali, Inua Jamii kwa pampasi, na mshahara wa dada utoke kwingine. Wengine wana ghorofa ya juu, hupangisha. Wengine wana kaka Maskat anayetuma kila mwisho wa mwezi, na hapo nashauri kiasi kiandikwe, maana ahadi ya simu hupoa kufika mwezi wa nne.

Kuna jambo watu hulichelewesha, nalo ndilo linalonisumbua zaidi: karatasi. Inua Jamii humruhusu mzee amteue mtu wa kumpokelea, na wakili aweza kuandika hati ya kumwezesha mtoto kushughulikia benki. Hati hiyo inamtaka mzee mwenyewe, akili yake ikiwa timamu. Akishaanza kusahau majina ya wanawe, umechelewa.

Mama wa Shela mkono wa kulia umekufa, lakini akili iko sawasawa na ulimi unamcheza. Tulimchukua kwa tuktuk hadi kwa wakili. Alipoulizwa kama anaelewa anachokitia kidole, alisema anaelewa, ila pesa zake za kuzikiwa zisiguswe. Tukaiandika na hiyo, kisha akatia gumba la kushoto.