"Si wote wametoka mwamba mmoja?" Dhana potofu kuhusu samaki wa tangi la matumbawe

Kazi yangu ni kufunga na kuhudumia matangi ya maji chumvi hapa Malindi, majumbani na mahotelini, na kama kuna sentensi nimechoka nayo ni hii: "Lakini fundi, hawa si wote wametoka mwamba mmoja, watashindwaje kukaa pamoja?" Juzi nimeulizwa tena na mama mmoja wa kule Casuarina. Tangi lake ni la lita 300, jipya kabisa, na ndani keshatia kikande mmoja (samaki mwenye meno makali), kangaja wawili wa samawati (samaki bapa wa kula mwani), samaki kipepeo, nemo watatu (wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari meupe) na kamba wa kusafisha ambaye siku ya pili hakuonekana tena. Kamba kaliwa na kikande, hapo hakuna la kuchunguza. Kangaja mmoja kajibanza nyuma ya pampu mapezi yamechanika na mama ananiuliza kama nina dawa.

Dawa ya nini jamani? Chewa na kamba wanatoka mwamba mmoja. Mkunga na kisamaki anachokimeza usiku wanatoka mwamba mmoja. Mwamba ndipo wanapolana! Na hata wale wasiolana, baharini kila mtu ana eneo lake, anakula mwani hapa na kulala tundu lile, mwenzake akisogea anamfukuza na yule anaondoka zake, anaogelea mita ishirini huko yamekwisha. Sasa kwenye kioo cha mita moja na nusu aondoke aende wapi? Anafukuzwa asubuhi, anafukuzwa mchana, anafukuzwa jioni, chakula kikitiwa haruhusiwi kusogea, anadhoofika mpaka anakufa halafu mwenye tangi anasema maji yalikuwa mabaya. Maji nimeyapima mimi mwenyewe, yako sawa, aliyeua ni jirani yake.

Kitu ambacho wateja hawataki kukisikia ni kwamba samaki anamchukia zaidi yule anayefanana naye. Umbo moja, chakula kimoja, rangi zinakaribiana, hapo vita ni lazima, na kangaja wa samawati ni katika wakorofi wakubwa kwa hilo. Kwa hiyo usichague samaki kwa urembo peke yake, chagua kwa mahali anapokaa na kitu anachokula: mmoja wa chini mchangani, mmoja wa kwenye matundu ya mawe, mwengine wa maji ya katikati, kila mmoja na shughuli yake. Kwa tangi la lita 300 lenye matumbawe mimi nikiulizwa jibu langu ni hilohilo kila siku: nemo wawili, gobi mmoja (kisamaki cha mchangani), fayafishi mmoja (mwembamba mwenye mkia mwekundu), samaki kadinali mmoja, basi. Watu wananikunjia uso ati ni wachache. Wachache ndio wanaoishi! Na juu weka wavu maana fayafishi akishtuka anaruka, utamkuta sakafuni amekauka.

Mpangilio wa kuwatia nao ni muhimu kushinda watu wanavyodhani. Wapole kwanza, wakorofi mwisho. Fayafishi na gobi watangulie wajue matundu yao, wazoee kula, ndio ulete nemo, kwa sababu nemo akitangulia ile kona aliyoichagua anaitetea na kila anayekuja baadaye ni adui. Ukilazimika kutia mgeni mahali pana mwenyeji mkali, zima taa na uhamishe mawe mawili matatu, mwenyeji naye apotee kidogo, hapo mgeni anapata nafasi ya kujificha. Hii nawaambia wote na wanaoifuata ni wachache sana, sijui kwa nini, haigharimu hata shilingi.

Kuhusu wale nemo watatu: wawili tu. Nemo wote wanaanza wakiwa madume, yule mkubwa kushinda wote ndiye anageuka kuwa jike, anayemfuata anakuwa mume wake, wa tatu hana nafasi hapo na kwenye tangi dogo watampiga mpaka afe. Nunua wawili wadogo, mmoja amzidi mwenzake kidogo kwa ukubwa, watapangana wenyewe. Na hapana, hawahitaji anemoni, yule mnyama wa baharini kama ua ambaye nemo hujificha ndani yake. Baharini anemoni ni ulinzi, kwenye tangi hakuna anayewawinda, na anemoni yenyewe inataka taa kali na tangi lililokomaa, ukiitia mwezi wa kwanza inakufa na ikioza inaharibu maji ya wote.

"Samaki hukua kulingana na tangi." Uongo mtupu na unaniudhi. Dori, samaki wa buluu mwenye mkia wa njano, wanayemnunua akiwa saizi ya kidole gumba anafika sentimita 30, na akibanwa anachodumaa ni afya yake. Watu wanamtia pamoja na nemo kwenye tangi dogo kwa sababu waliwaona pamoja kwenye katuni. Angalia saizi ya mkubwa wake, usiangalie aliye dukani.

"Anza na damseli (visamaki vidogo vya bei nafuu), ni wagumu, watakuandalia maji." Tangi linaandaliwa na bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, kuwa nitriti kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, na hiyo ni kazi ya wiki nne mpaka sita, unaweza kutia amonia kidogo bila samaki yeyote na kupima mpaka isome sifuri. Yule damseli mweusi mwenye madoa matatu meupe utakayemtia kama mfanyakazi ndiye atakayekuwa mwenye tangi, na kumtoa itabidi ubomoe mawe yote.

"Kipepeo anapendeza kwenye matumbawe." Anapendeza kwa sababu anayala! Wengi wao ndio chakula chao. Kikande naye atamaliza kamba, kaa na konokono.

"Bahari iko hapo, nitajivulia mwenyewe." Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968 na ndani yake huruhusiwi kutoa kitu, si samaki, si jiwe, si kombe. Nje ya hifadhi anayekamata samaki wa mapambo kwa biashara anatakiwa awe na leseni, muulize anayekuuzia. Na maji ya kuchota pia angalia msimu, mvua zikinyesha bara Mto Sabaki unatuletea tope mpaka bahari inakuwa kahawia, halafu mtu anajaza tangi kwa ndoo.

La mwisho: "Huyu mzima huyu, mtie tu." Vidudu vya ugonjwa wa madoa meupe havionekani siku unayonunua. Vinashuka kutoka kwa samaki, vinajificha kwenye mchanga na mawe, vinazaana, vinarudi wengi zaidi, na hao kangaja wa samawati ndio wanaanza kuumwa. Dawa yenye shaba inafanya kazi lakini huwezi kuitia kwenye tangi la matumbawe kwa sababu inaua kamba, konokono na matumbawe yenyewe. Kwa hiyo kila mgeni akae peke yake wiki nne kwenye kitangi cha pembeni, kichujio kidogo na kipande cha bomba la plastiki la kujificha vinatosha, akipata madoa unamtibu humo humo. Yule mama wa Casuarina nimemfungia kitangi hicho jana, kangaja aliyechanika yumo, na kikande ametafutiwa mtu mwenye tangi kubwa lisilo na kamba.