Nyonga mpya imeshawekwa, je choo na kigoda cha nyumbani umeviangalia?

Mimi ni mtu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), wagonjwa wa nyonga ndo wengi ninaowaona, na siku hizi naomba niongee na ndugu KABLA ya operesheni ya kuweka nyonga bandia maana mengi yanaharibikia nyumbani.

Kuna mama alikuwa na wiki ya tatu tu tangu apasuliwe, anaendelea vizuri kabisa, anatembea na wokeri, basi wakaja wakwe, akasema nazi nakuna mwenyewe, akakaa kwenye mbuzi kama alivyozoea miaka yote, mara akasikia ka! Mguu ukawa mfupi, umegeukia ndani, hata kuunyanyua hawezi. Nyonga imechomoka.

Iko hivi. Nyonga bandia ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe, mtindo aliouanzisha John Charnley kule Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, tufe la chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Ukikaa chini sana magoti yakawa juu kuliko makalio, shingo ya kile chuma inagonga ukingo wa kikombe, tufe linabinuka linatokea nyuma. Na nyama za pale zinataka kama wiki 6 mpaka 12 ndo zishikane vizuri, kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza ndo ya kuogopa. Waliopasuliwa kwa nyuma wasikunje nyonga kupita digrii 90, wasipishanishe miguu, na kulala waweke mto katikati ya mapaja. Ukipasuliwa kwa mbele masharti ni mengine, muulize daktari wako alipitia wapi.

Sasa fikiria choo cha kuchuchumaa, kigoda cha jikoni, godoro la chini, kufua umeinama kwenye beseni... vyote hivyo ni zaidi ya digrii 90. Chooni chukueni kiti cha plastiki imara, mkitoboe katikati, mkiweke juu ya shimo. Kitanda kinyanyueni kwa matofali, beseni liwekwe juu ya meza, anayeswali aswali kwenye kiti. Ni vitu vya siku moja tu, ila vifanyike mgonjwa akiwa hajatoka wodini.

La pili ni damu kuganda mguuni. Hili linaniuma sana jamani, kwa sababu mguu ukivimba kitu cha kwanza watu wanachofanya ni kuita mtu auchue kwa mafuta ya moto. Msichue! Bonge la damu likichomoka linaenda mpaka kwenye mapafu na mtu anaweza kufa hapo hapo. Shavu la mguu likivimba, likawa la moto na linauma, nendeni hospitali leo leo, na akianza kubanwa kifua au kuhema kwa shida msisubiri hata chai. Dawa za kuzuia damu kuganda mara nyingi zinaandikwa mpaka siku 35, zimalizeni, msinunue nusu dozi kwa vile anaonekana mzima. Na atembee, kidogo kidogo, kila siku.

Kidonda nacho. Kikiendelea kutoa majimaji au usaha usikimbilie duka la dawa ukanunue vidonge vya antibiotiki, rudi kwa aliyekupasua. Bakteria wakishafika kwenye chuma wanajitengenezea utando ambao dawa haiupenyi vizuri, wakiwahiwa mapema pengine kuoshwa kunatosha, wakichelewa chuma chote kinatolewa. Ndo maana kabla ya operesheni sukari ishuke, meno mabovu na majipu yatibiwe, sigara iachwe.

Yule mama alipewa nusu kaputi nyonga ikarudishwa, hakupasuliwa tena. Nilipoenda kwake nikakuta mbuzi imetundikwa ukutani, nazi anakuna mjukuu, yeye kakaa kwenye kiti kirefu anachambua mchele.